Povu la Kuficha Mkono

Kwa Kinyozi Mzee Adriano,
Nyuma ya soko, Majengo,
Sumbawanga.

Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa dada Kabula,

Shikamoo, dada yangu. Kama barua hii imekufikia asubuhi, mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma. Kama imekufikia jioni, iweke chini ya mto uisome kesho kabla watoto hawajaamka, kwa sababu imeandikwa asubuhi na ni ya asubuhi. Hujambo wewe? Ule mgongo uliokusumbua wakati wa kuvuna mpunga umepona, au bado unauficha kama kawaida yako? Shemeji Obed anaendeleaje na kifua chake? Debora na Rhoda je, wameacha kugombania kitanda? Nawawaza wote. Mara nyingine nimesimama tu na taulo begani, nasikia kabisa sauti zenu, kana kwamba Sengerema iko nyuma ya ukuta huu.

Mimi sijambo, ila baridi. Hujawahi kufika Ufipa, kwa hiyo Julai ya huku juu huijui. Baba alipohama na ng'ombe alishukia bondeni, kwenye joto la Ziwa Rukwa, na kwa hilo alikuwa na akili. Mimi niliyepanda mjini ndiye ninayeamka na kukuta ukungu umekaa mlangoni kama mgeni anayeona haya kubisha hodi. Wapita njia unawaona miguu tu. Sikufichi, dada, naupenda. Ndani ya ukungu mtu anaweza kuwaza bila kuulizwa anawaza nini.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Nilikupigia mwezi wa tano, unakumbuka? Ulikuwa unapepeta mchele, ukaiweka simu spika, nikasikia shemeji, watoto na jirani yako wananisalimia wote kwa mkupuo. Nilichotaka kuuliza hakiulizwi mbele ya umati. Nikasema nimepiga kuulizia mvua. Sikuwa na shida na mvua. Nilitaka kukuuliza kama mtu anaweza kumnyoa ndevu baba mkwe wake.

Sasa vuta kigoda, nianzie mwanzo.

Yupo binti hapa anaitwa Albina. Anauza dagaa wa Kirando sokoni, ana mwanya, na akicheka huziba mdomo kwa upande wa khanga, nami husimama pale nikisahau nilitumwa nini. Tumekubaliana tangu mwaka jana. Ni binti wa Mzee Adriano, huyu kinyozi aliyenipokea miaka mitatu iliyopita nilipomwambia baba kwamba siwezi tena kuchunga. Maneno ya baba siku ile unayajua, maana mimi ndiye niliyekusimulia nikilia: kwamba mwanamume anayeshinda akishika nyuso za wanaume wenzake, yeye hana la kuongea naye. Tangu hapo hajakanyaga mjini. Nikishuka bondeni ananipa maziwa, ananiangalia nikinywa, basi.

Kazi yenyewe si ya mashine peke yake. Mashine ipo, na vijana wanakuja, mambo, poa, wananyolewa vichwa na kuondoka. Lakini wazee wa hapa, wakulima wa mahindi na ulezi wanaokuja mjini Jumamosi ili kesho yake waingie misani wakiwa safi, wao wanataka ndevu zao zinyolewe kwa brashi, sabuni na wembe mpya. Mzee Adriano ana neno lake kwamba wembe hukata tu, anayenyoa ni povu. Mwanzoni niliona ni porojo za uzee.

Siku ya kwanza aliponipa brashi nipige povu, nilicheka moyoni. Mtoto wa mfugaji nifundishwe kutoa povu? Nikalipiga kama mimi na wewe tulivyokuwa tunasuka maziwa kibuyuni, kwa nguvu na kwa kasi, mpaka mabega yakauma. Povu likapanda, likafurika nje ya bakuli. Nikasimama kifua mbele. Mzee akainama, akapuliza mara moja, likaisha lote. Akaniambia hilo ni la kufulia, basi nikafue nalo taulo. Nilifua taulo miezi miwili.

Ngoja nikueleze linavyopigwa, maana usipolielewa povu hutayaelewa yaliyonipata. Brashi kwanza inakaa kwenye maji ya uvuguvugu, muda ule wa kufagia duka. Yasiwe ya moto, kwa sababu nywele zake ni za nguruwe na maji ya moto yanazifanya zikatike. Ukimaliza kufagia unaitoa, unaiacha ichuruzike yenyewe, unaikung'uta mara mbili, basi. Ibaki na kiu kidogo. Halafu unaizungusha juu ya sabuni kwa mkono mwepesi mpaka nywele zishibe. Mapovu ya kwanza ni makubwa na ndani ni hewa tupu, hayo Mzee huyakomba kwa kidole na kuyatupa.

Kisha ndipo unahamia kwenye bakuli. Letu ni la udongo, alilifinyanga marehemu mama yake Mzee, na ndani aliliacha na mistari aliyoichora kwa gunzi la hindi kabla halijakauka. Mistari hiyo ndiyo inayoishika sabuni. Unazungusha brashi huku nywele zikiinama kidogo tu, na maji unaongeza kwa ncha za vidole. Tone moja, unazungusha. Tone jingine, unazungusha. Mwanzoni brashi inapiga kelele ya maji maji. Unaendelea, wala huhesabu, na ghafla kelele inakoma. Hapo ukiinua brashi, povu linasimama zito kama mtindi, linang'aa, na ncha yake inainama kidogo.

Dada, sauti ile inapokoma mimi hupotea. Mkono unaendelea kuzunguka lakini mwenyewe sipo. Naona uwanja wa kwetu kule Sengerema kabla hatujahama, naona kibuyu kinaning'inia kwenye boriti, nakuona wewe na ushungi wako wa bluu ukinipokea kwa sababu mikono yangu imechoka. Naona mpaka vumbi la ng'ombe wanaorudi, na harufu yake naisikia humu humu ndani ya sabuni. Mteja akikohoa ndipo narudi Majengo.

Maji nayo yana tabia zake. Ya mvua, tunayoyakinga kwenye pipa, ni laini na sabuni inayapenda. Mwaka jana nilijitia ujuaji, nikabeba dumu la maji ya Ziwa Rukwa kutoka kwa baba ili Mzee ayajue maji ya kwetu. Nilisahau kwamba yana magadi. Sabuni iligoma, ikakatika vipande kama maziwa yaliyoharibika. Mzee akauliza kama huko bondeni watu wana ndevu kweli.

Na lipo jaribio la mwisho. Unapaka povu kidogo nyuma ya kiganja chako, unasali Salamu Maria tano, bila kukimbiza maneno. Ukifika Amina ya tano na povu bado lina unyevu, wala halijatoboka, linafaa kwa uso wa mtu. Likikauka ulikuwa bahili wa maji, likiteleza uliyamwaga. Kwa hiyo mimi, ambaye kanisani nilikuwa nakwenda kwa kupita nje, sasa Salamu Maria naijua usingizini. Baba usimwambie kwanza, ana mengi ya kunisamehe.

Basi nilipolijua povu, nikapata ujasiri. Baada ya Pasaka nilimtuma mshenga. Nilimchagua Benjamini, dereva wa lori la Kasanga, mteja wetu, mtu wa maneno matamu na mashavu yanayonyoleka vizuri. Alikwenda nyumbani kwa Mzee Jumapili mchana, akarudi jioni akiwa ameshiba ugali wa ulezi, na jibu alilolibeba lilikuwa fupi. Mzee alisema, "Aninyoe kwanza. Akishaninyoa nitamjibu."

Ujue kwamba mikono ya Mzee Adriano imeanza kutetemeka. Ilianza masika haya, kidogo kidogo, kwanza kikombe kikawa kinagonga sahani, kisha akaacha kushika wembe. Maisha yake yote alijinyoa mwenyewe, hakuna mtu aliyewahi kumnyoa. Husema kinyozi hajinyoi ni methali ya wavivu. Sasa ndevu zikaanza kuota, nyeupe, na wateja wakapata la kusema. Mzee alikuwa anacheka nao, lakini nilimwona akijiangalia kwenye kioo wakati anadhani niko nje. Katika watu wote alinichagua mimi, akanipa na sababu ya kufurahi. Mwingine angeruka juu.

Mimi nilikosa usingizi. Unajua sisi tumelelewaje. Hukuwahi kuona mkwe wa babu akimgusa babu hata bega. Ulituona sote tukiacha njia na kuingia vichakani mama mkwe wa kaka akitokea mbele. Toka siku Benjamini alipofikisha ujumbe wangu, Mzee hakuwa tena bosi wangu, alikuwa baba mkwe. Nitamshikaje kidevu, nimgeuze shavu huku na huku, nimkunje pua? Nikikataa kumnyoa, simpati Albina. Nikimnyoa, nimemvunjia heshima mtu yule yule ninayetaka kuingia kwake. Na huku kwa Wafipa hakuna niliyeweza kumuuliza bila kuonekana nina mizungu.

Nikafanya ujinga, dada. Nikawa nakwepa bila kusema kwa nini. Jumamosi ya kwanza nikasema brashi haijalowa vizuri. Ya pili kichwa kiliniuma. Ya tatu nikaomba ruhusa kwenda kuwaona ng'ombe, nami ng'ombe nimewaacha miaka mitatu. Zilizofuata nazo nikazitafutia visingizio hivyo hivyo. Na si hilo tu. Mama Klementina, mama yake Albina, ana desturi ya kutuletea chai dukani saa nne. Zamani nilikuwa naipokea kwa mikono miwili. Sasa nikisikia ndala zake, natoka kwa mlango wa nyuma, nasimama karibu na pipa la maji mpaka aondoke. Chai inapoa. Kwangu mimi ilikuwa heshima kubwa kuliko zote, na nilijisifu moyoni kwamba nimelelewa.

Wao waliona kitu kingine kabisa. Jumatatu iliyopita Albina alinifuata pale kwenye pipa, ungo wa dagaa kichwani, na hakuziba mdomo kwa khanga kwa sababu hakuwa anacheka. Alisema, "Mama anasema una kiburi, hutaki hata chai yake. Na baba anasema mkono unaokataa uso wake umeikataa nyumba yake. Kama hunitaki, Sayi, niambie mwenyewe, usiwaachie wao waniambie." Akaondoka. Dagaa wawili walianguka kwenye tope, nikawaokota, nikasimama nao mkononi. Sijawahi kuogopa vile, hata fisi walipoingia zizini.

Niliingia ndani. Mzee alikuwa peke yake, amekaa kwenye kiti cha wateja, ameelekea dirishani, ndevu zake zikichukua mwanga. Nilibaki mlangoni, nikakitazama kizingiti, nikamwambia yote. Kwamba kwetu mkwe hamgusi baba mkwe wake uso. Kwamba kwetu mama mkwe haangaliwi, na anayekimbia chai yake ndiye anayempenda. Kwamba nimekwepa kwa sababu nataka, si kwa sababu sitaki. Maneno yalitoka hovyo, mengine ya Kisukuma.

Nilisali Salamu Maria tano nikimsubiri Mzee. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni ule ugonjwa wa mikono umepanda. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati. Akasema, "Kwa hiyo wewe umekataa kuninyoa kwa miezi miwili ili uniheshimu." Nikasema ndiyo, mzee. Akasema, "Na mke wangu anakunywa chai yako kwa hasira kila siku ili apunguze hasara." Nikasema samahani, mzee.

Kisha akawa mpole. Aliniuliza, "Huko kwenu, mama mkwe akikutana na mkwewe njiani, hana la kufanya ila kukimbia?" Nikamwambia hapana, anaweza kujifunika khanga, na kikiwepo kitu katikati, heshima imekaa. Akaitikia kwa kichwa polepole. Akaniambia, "Basi kitu cha katikati unacho bakulini. Jumamosi nipigie povu ambalo ndani yake sitausikia mkono wako."

Siku tano zile niliishi kama mtu aliyelala macho wazi. Nilipiga povu kila asubuhi kabla ya kufungua duka, nikajipaka mwenyewe, nikajinyoa bila kujigusa. Vidole vya kushoto nilivifunga kwa kitambaa nilichokikamua kwenye maji ya uvuguvugu, ili hata ngozi inapotakiwa kuvutwa, inayovuta iwe nguo. Nilijikata mara mbili sikioni. Nikajifunza kwamba povu zuri la bakulini bado linaweza kuharibika usoni. Unaanza kwa kuzungusha brashi dhidi ya ndevu, mpaka kila unywele usimame umezungukwa. Baada ya hapo unalilaza juu na chini, kama mtu anayepaka chokaa ukuta, mpaka liwe sawa na lisionyeshe kilichoko chini yake. Na baridi ikiwepo, bakuli likae ndani ya beseni la maji ya moto, mlango ufungwe, maana upepo wa Ufipa unakausha povu kabla hujashika wembe.

Jumamosi, yaani jana, ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nilifungua duka nikaona dirisha jeupe tupu, kama vile mji umeondolewa nikabaki mimi na kile kiti. Mzee alikuja amevaa koti lake la misa. Hakunisalimia wala sikumsalimia, tukaelewana hivyo. Alikaa, akafumba macho. Nilimfunga shuka shingoni, vidole vyangu vikiwa ndani ya kitambaa.

Brashi ilikuwa imelowa. Niliichuruzisha, nikaikung'uta mara mbili, nikaishibisha sabuni, nikahamia bakulini. Tone, nazungusha. Tone, nazungusha. Nilisubiri ile sauti ikome, na safari hii haikukoma upesi, nikajua ni mikono yangu iliyokuwa na haraka. Nikapunguza. Ikakoma. Sikupotea, dada, hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kutopotea. Nilibaki pale pale Majengo, namwona mzee mmoja amefumba macho, ameniachia koo lake.

Nilipaka nyuma ya kiganja, nikasali tano kwa sauti ndogo. Nilipofika ya tatu, midomo ya Mzee ikaanza kusogea, akamalizia pamoja nami. Povu lilikuwa zima.

Nilimpaka. Mashavu yakatoweka, kidevu kikatoweka, akabaki na macho na pua. Nikashika wembe. Kila nilipoondoa mstari wa povu niliona ngozi yake mpya ikitokea, na kila palipobaki wazi nilipapaka tena kabla ya kupakaribia, ili nisiwe na sababu ya kupagusa. Shavu la kulia. Shavu la kushoto. Mdomo wa juu, ambao ndio mgumu, niliuvuta kwa kitambaa kwa pembeni. Nilifika kooni. Hapo ndipo niliposikia ndala za Mama Klementina.

Saa nne ilikuwa imefika nami sikujua. Mlango wa nyuma ulikuwa hatua tatu tu. Miguu yangu, nakwambia kweli, ilikwisha kugeuka yenyewe. Lakini wembe ulikuwa kwenye koo la Mzee, na mtu hawezi kuacha wembe pale akaenda kusimama kwenye pipa. Nikabaki. Nikainamisha macho yangu kwenye povu, nikawa naona povu tu.

Mlango ulifunguliwa, upepo ukaingia, ukafungwa upesi. Nilimsikia Mama Klementina akiweka birika kwenye benchi. Kisha nikaona kwa pembe ya jicho, bila kutazama, kitu cha njano kinapanda. Alikuwa anajifunika khanga kichwani mpaka usoni. Akageukia ukuta, akakaa hivyo, mgongo kwetu, ametulia kama mtu anayesubiri mvua ipite. Mwanamke wa Kifipa, dada, ambaye kwao hakuna mtu aliyemfundisha hivyo. Mzee alikuwa amemwambia. Machozi yalinitoka, na mkono haukutetemeka.

Nilimaliza koo. Nikamfuta Mzee kwa taulo ya uvuguvugu, nikarudi nyuma hatua mbili. Alifumbua macho. Hakutafuta kioo. Alijipapasa taratibu kwa mikono yake ile inayotetemeka, shavu, shavu, kidevu, chini ya kidevu, mara ya pili tena. Halafu akasema, akimwambia mke wake aliyeelekea ukutani, "Klementina, leo sijaguswa na mtu. Nimenyolewa na povu."

Mama Klementina hakugeuka. Alimimina chai vikombe viwili. Kimoja alimwekea mumewe. Cha pili alikichukua, akatembea kinyumenyume huku khanga usoni, akakiweka nyuma ya lile pazia tunakofulia taulo, mahali ambapo mtu anaweza kunywa bila kuonwa na wakwe. Kisha akatoka.

Nilikwenda nyuma ya pazia, nikanywa. Ina tangawizi nyingi mno, dada. Nilikunywa yote.

Jibu la maneno nimelipata jana jioni kwa Benjamini, aliyekuja akipiga honi kama anapeleka bibi harusi tayari. Mzee amekubali. Amesema pia kwamba kila Jumamosi nitamnyoa vile vile, na siku povu langu likiwa jepesi atanidai heshima ya uso wake. Albina amenitumia dagaa kwa mtoto wa jirani, wamefungwa kwenye gazeti, wawili tu, idadi ya wale walioanguka kwenye tope. Nimewaelewa.

Sasa ombi langu kwako. Sitaki unijibu kama nimekosea mila au sijakosea, hilo nitamwachia Mungu na marehemu babu. Nataka uje. Wewe ni mkubwa wetu, na baba hakuwahi kukukatalia neno, hata lile la kuolewa na shemeji Obed asiyejua kukamua. Shuka bondeni kwanza, umlete baba mjini. Mahari wataongea wazee wenyewe, ila umwambie baba kwamba Mzee Adriano hana zizi, asije akaswaga kundi zima kupitia katikati ya soko la Majengo kama ninavyomjua.

Na akifika, mkalishe kwenye kile kiti. Ndevu zake najua bado anazikwangua kwa wembe mkavu na maji ya ziwa, na najua zinavyomwasha. Nitampigia povu la Salamu Maria kumi. Mwambie wanaume hapa hawashikwi nyuso, wananyolewa na povu. Asipokubali, mwambie na hili la pili, ambalo nimelipata jana nikiwa nyuma ya pazia na kikombe mkononi. Uso wa Mzee Adriano sitaugusa maisha yangu yote. Uso wa baba nina ruhusa ya kuugusa, na sijawahi.

Nisalimie shemeji Obed, mwambie aje na ndevu zake. Debora na Rhoda wabusu, waambie Albina amewawekea dagaa wakavu wa kutafuna njiani. Msalimie na jirani yako wa kwenye spika, leo mruhusu asikilize. Benjamini atampa barua hii dereva wa basi la Mwanza kesho alfajiri, ukungu ukiruhusu.

Mungu aulainishe mgongo wako, na mvua ya kwanza ikukute umekwisha kulima.

Mdogo wako akupendaye, mwenye harufu ya sabuni,

Sayi Ngeleja